Mama, Usizime

Mwandoya, 5 Februari 2024

Mkwe wangu Josia,

Mwangaluka. Huku tuko salama, mvua imetuhurumia na pamba imesimama vizuri.

Najua watu wanatucheka. Juzi kondakta wa basi la Bariadi alipopokea bahasha yangu aliniuliza, "Mama, mkweo ana simu, wewe una simu, mnaandikiana barua za nini?" Nikamuuliza kama ameoa. Akasema bado. Nikamwambia akioa ataelewa. Mama wa mke na mkwewe hawakai meza moja wala hawatazamani usoni, sasa sauti yako iingie sikioni mwangu kama umekaa ubavuni pangu? Haifai. Barua ina adabu.

Leo nina aibu ya kukueleza. Ile programu ya kusafisha picha za zamani uliyoniwekea kwenye kompyuta ya studio yangu imenitia matatani. Alikuja Masele wa Bukundi na picha ya marehemu baba yake, imeliwa na mchwa pembeni na uso una mabaka. Nikaiingiza kwenye mashine, nikabonyeza Safisha kama ulivyonielekeza. Dirisha likawa jeupe na mzee akapotea. Nikabonyeza tena, wapi. Yakatokea maneno ya Kiingereza kwamba haijibu. Nikazima ukutani, nikawasha, nikaanza upya, na mzee akapotea tena.

Masele akavua kofia akasema, "Baba amekataa." Nikamwambia ni mashine tu. Akaniuliza mbona picha za watoto wa shule zimetoka vizuri asubuhi hiyohiyo, mashine imkatae baba yake peke yake? Anasema tangu mzee azikwe hawajamtengenezea pombe yake, ndiyo maana anageuza uso. Sasa huko Bukundi mtama umeshalowekwa, wanatambika. Mimi Mkatoliki, mwenyekiti wa kina mama kigangoni, ndiye niliyesababisha tambiko! Padri akisikia nitauficha wapi uso wangu?

Niambie basi, programu yako imekufa au imenichoka?

Msalimie Violeth. Mwambie mama yake anasema kimya chake kimezidi.

Mama Violeth

*

Bariadi, 9 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Barua imefika, na nimecheka mpaka nikajionea haya, kwa sababu mwenye kosa ni mimi, si marehemu.

Programu haikufa, mama. Ilikuwa inafanya kazi kuliko siku zote, ila haikusema. Picha ya mzee ni kubwa na imeharibika sana, inataka muda mrefu. Nami nilivyoiandika nimeiwekea mtumishi mmoja tu. Yeye ndiye anayepokea wageni mlangoni na yeye ndiye anayepika ndani. Akiingia jikoni, mlangoni hakuna mtu. Ukibisha haitikii, nawe unadhani nyumba ni tupu. Ulipozima ukutani ulimkata akiwa katikati ya kazi.

Nimeigawa kazi sasa. Mmoja anapika ndani, mwingine anakaa mlangoni. Ukibonyeza Safisha utaona kiduara kinazunguka, na chini yake maneno "Inasafisha, tafadhali subiri". Kitufe chenyewe kitafifia ili usikibonyeze tena. Picha ndogo zikipita hutakiona kiduara kabisa, maana hatumwambii mgeni asubiri wakati chakula kiko mezani. Flashi yenye programu mpya iko ndani ya bahasha. Kijana wa duka la simu jirani yako atakusaidia kuiweka.

Violeth mzima. Kazi zimembana kidogo. Anakusalimu sana.

Mkweo,
Josia

*

Wadi ya wazazi, Bariadi, 10 Februari

Josia wangu,

Nakuandikia kwa sababu simu imezima, soketi iko mbali na kitanda, na mimi nimekatazwa kushuka. Karatasi hii naiweka kwenye mfuniko wa hotipoti. Uione kabla hujaiosha.

Daktari amepita. Mtoto bado yumo na moyo wake unapiga, lakini mimba inataka kutoka kabla ya wakati. Dawa ni kulala tu. Nilale hapahapa, pengine mpaka siku yenyewe, nisibebe kitu, nisipande gari. Amesema mitikisiko ya barabara zetu inatosha kuharibu kila kitu.

Mama asijue. Nakuapisha kwa ndoa yetu, Josia. Ya kwanza alisimama kanisani akaitangaza, watu wakapiga vigelegele, na ilipotoka wakaja haohao mmojammoja kunipa pole. Ya pili nilimwambia yeye peke yake, na siku ilipotoka presha ikampanda, akalazwa kabla yangu. Siwezi kumpa mjukuu mara ya tatu halafu nimnyang'anye. Siku mtoto atakapolia ndipo mama aambiwe. Mpaka hapo nitamtumia ujumbe kwamba mimi mzima.

Uji wako una mabonge. Nimeumaliza wote.

Violeth

*

Mwandoya, 4 Machi 2024

Mkwe wangu,

Mwangaluka. Nakushukuru kwanza, kisha nikugombeze.

Kiduara chako kilianza vizuri. Masele alirudi baada ya tambiko, nikabonyeza, kikazunguka, tukakitazama wote wawili kama watu wanaongoja kura zihesabiwe, na mzee akatokea, uso safi, mpaka ndevu zinahesabika. Masele anaamini ni pombe. Nimemwacha na imani yake, maana alikuwa analia.

Ubaya ukaja wiki iliyopita. Mama mmoja wa Migato alileta picha ya ndoa yake. Kiduara kikazunguka. Nikamwambia, "Inafanya kazi, mkwe wangu amesema." Tukala mchana pamoja, kikazunguka. Tukasuka mkeka, kikazunguka. Mpaka nafunga studio, kinazunguka tu! Kijana wa duka la simu alipokuja kutazama akasema kazi ilishakufa tangu asubuhi, picha ilikuwa kubwa mno kwa kompyuta yangu. Kumbe mpishi ameanguka jikoni, na huyo wako wa mlangoni bado anasema, "Chakula kinakuja, chakula kinakuja." Mtu gani huyo? Bora kimya cha mwanzo. Wakati ule nilijua kwamba sijui.

Na hili sasa si la kompyuta. Kila nikimwandikia binti yangu kwenye simu, jibu ni "mzima mama". Asubuhi mzima mama, jioni mzima mama. Nikipiga hapokei. Huyu ni Violeth, aliyekuwa akinieleza hata ndoto zake. Mimi siwezi kuja kwako bila kuitwa, na wewe huniiti.

Kuna methali inaanza na "mficha". Siwezi kuimalizia mbele ya mkwe. Imalizie mwenyewe.

Mama Violeth

*

Bariadi, 8 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Umenigombeza kwa haki. Nilimweka mtu mlangoni na sikumpa njia ya kujua kinachotokea ndani. Alikuwa anazunguka kwa sababu kuzunguka ndiyo kazi pekee niliyompa.

Nimebadilisha. Sasa hasemi neno asilopewa na jikoni. Picha inakatwa vipande, na kila kipande kikisafishwa mstari wa kijani unasogea mbele, utauona kwa macho. Ndani kukiwa kimya kupita kiasi, yeye mwenyewe atakwambia kuna tatizo. Nimeongeza na kitufe cha Acha, ili ukichoka kungoja usimamishe kwa amani bila kukimbilia ukutani.

Ziko kazi ambazo hata mimi sijui zitachukua muda gani. Kwa hizo mstari ungekuwa uongo, kwa hiyo nimebakiza kiduara, lakini kinasema kila mara kimefikia kufanya nini.

Methali nimeimalizia. Nimeshinda nayo kifuani.

Violeth mzima. Anakusalimu.

Mkweo,
Josia

*

Mwandoya, 2 Aprili 2024

Josia,

Sikusalimii leo, utanisamehe.

Mwezi uliopita alipita hapa mama mmoja muuza dagaa, anatoka Bariadi, nyumba yenu anaijua. Anasema mlango wenu unashinda na kufuli. Amekuona unaanika khanga za mke wako peke yako. Na asubuhi na jioni unatoka na hotipoti, umefunga kitambaa vizuri, unakwenda nayo upande wa mjini kama mtu mwenye nyumba ya pili. Hotipoti hiyo unampelekea nani, Josia? Na mwanangu yuko wapi?

Nilikaa nayo moyoni mpaka mwisho wa Kwaresima. Ijumaa Kuu nililia kanisani, watu wakadhani ninamlilia Bwana Yesu. Nikashindwa kubeba peke yangu, nikamwambia kaka yangu Jilala. Unamjua mjomba wa mkeo. Amesema mtoto wa dada yake si ng'ombe aliyepotea, aulizwe njiani kwa wapita njia. Jumamosi anakuja Bariadi na pikapu yake ya kubebea pamba, yeye na wazee wawili, kumchukua Violeth popote alipo na kumrudisha Mwandoya. Nimemruhusu.

Nimeumia, kwa sababu nilikupenda. Sikuzaa mtoto wa kiume, na barua zako nilikuwa nazisoma mara mbilimbili, hata zile za vitufe.

Mama Violeth

*

Bariadi, 4 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Hotipoti inakwenda kwa Violeth. Hakuna nyumba ya pili, hakuna mwanamke mwingine, sijamfukuza na hajaniacha. Mlango una kufuli kwa sababu nyumba bila yeye siwezi kukaa ndani yake.

Nimeapishwa nisiseme. Aliyeniapisha ana sababu, na sababu yake ni kukupenda wewe. Sitakuandikia tena "mzima". Umeniambia bora kimya kuliko neno linalozunguka bure, nami nimekuelewa. Kwa hiyo naandika yale ninayoweza, na kila neno limetoka ndani.

Kuna kazi inaendelea. Haijafa. Imepita nusu. Kama itafika mwisho sijui, na wenye ujuzi nao hawajui, lakini leo asubuhi wamesema inakwenda vizuri. Inachotaka ni Violeth alale na asitikiswe. Akipakiwa kwenye pikapu kwa barabara ile, itaishia njiani.

Mama, usizime. Nakuomba. Ninaogopa sana na sina wa kumwambia, maana nikifika kwake na uji lazima nicheke. Mjomba akija atanikuta kwenye kizingiti. Nitampa heshima zake zote, nitampa kiti na maji, lakini Violeth hatamchukua.

Nimeshavuka kiapo kwa unyayo mmoja. Mwingine sitavuka.

Josia

*

Mwandoya, 8 Aprili 2024

Mkwe wangu, baba yangu,

Mwangaluka. Jumamosi hukumwona Jilala.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa. Sikuulizi kitu. Uliyoandika yanamtosha mtu aliyezaa.

Jilala alifika alfajiri, tangi limejaa, wazee wamekaa nyuma na fimbo zao. Aliposhuka kunywa chai nilichukua ufunguo wa gari nikautia kifuani, mahali ambapo kaka hathubutu kuufuata. Akapiga kelele, "Sababu ni nini?" Nikamwambia mkwe wangu amesema tungoje. "Tungoje nini?" Nikasema hilo hakusema. Akaniambia nimelogwa. Nikamwambia basi aliyeniloga ana mwandiko mzuri.

Na jana kanisani, baada ya misa, katekista akauliza kama kina mama wana tangazo. Unaujua mdomo wangu, na mwenye kukuapisha anaujua zaidi. Nilisimama. Nikasema hakuna tangazo. Nikakaa. Josia, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Ndani ya mfuko kuna unga wa uji, ulezi na mtama na karanga, nimeusaga mwenyewe. Koroga kwanza kwa maji ya baridi, ndipo uweke motoni, usije ukatoa mabonge. Mwambie umeununua sokoni.

Ninaomba kitu kimoja. Kila Jumatatu nitumie neno moja tu kwa basi: inaendelea. Siku ambayo si kweli, usiliandike. Mimi nitakuwa stendi.

Mama Violeth

*

Bariadi, 15 Aprili 2024

Mama, inaendelea.

Uji umesifiwa. Muuzaji wa sokoni ameombewa baraka.

Josia

*

Bariadi, 13 Mei 2024

Mama, inaendelea. Jana tuliogopa sana, leo tunapumua.

Josia

*

Mwandoya, 21 Mei 2024

Josia,

Jana nilikaa stendi mpaka basi la mwisho likashusha watu wote. Nikamwomba kondakta atazame chini ya kiti chake. Akatazama mara mbili kwa kunihurumia. Hakukuwa na bahasha.

Sijapiga simu. Namba ya Violeth nimeitoa mara nyingi, nikairudisha. Sijamwambia Jilala, sijamwambia padri. Nilichuma pamba leo shamba zima peke yangu, kwa sababu mikono ikitulia nawaza. Nakutumia hii kwa bodaboda.

Kama ni kimya cha kazi, nitakingoja. Kama ni kile kingine, usiniache mlangoni. Nifungulie.

Mama

*

Bariadi, 22 Mei 2024

Mama! Basi liliharibika njiani na bahasha ikalala humo. Nisamehe.

Inaendelea. Inaendelea. Inaendelea.

Josia

*

Bariadi, 28 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeshasikia. Violeth alikupigia mwenyewe, na vigelegele vyako vilitoka kwenye simu mpaka wagonjwa wa vitanda vya mbali wakageuka. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani kwa nje, nami nikavisikia. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yako kunifikia sikioni, na sikujua nifunike masikio au nishukuru. Nilishukuru.

Nakuandikia sasa kukuita rasmi. Njoo nyumbani kwetu, mama, kaa na binti yako mpaka apate nguvu. Mtoto ni mdogo lakini ana mapafu ya mnadani. Nimekuandalia chumba chenye mlango wa uani ili tusipishane. Nikitaka kupita nitakohoa.

Kuna jambo moja limebaki, nalo linanisumbua. Violeth amekataa majina yote. Anataka mtoto aitwe jina lako, kwa sababu anasema ulinyamaza, na anajua kunyamaza kulikugharimu kiasi gani. Yeye ameshaanza kumwita hivyo. Wauguzi wanamwita hivyo. Mimi peke yangu ndiye sijamwita mwanangu. Desturi yetu hainiruhusu kulitamka jina la mama wa mke wangu. Tangu nimeoa halijawahi kupita mdomoni mwangu, na hata hapa siwezi kuliandika. Nikimbeba namwita "wewe". Ananitazama tu.

Nimwambie Violeth achague lingine? Ukisema hivyo nitafanya, wala sitaona vibaya.

Mkweo,
Josia

*

Mwandoya, 1 Julai 2024

Mkwe wangu,

Mwangaluka. Nguo zimefungwa, kuku wawili wamefungwa, Jilala yuko nje anapiga honi. Anasema anakwenda kumwona mjukuu wake na kukusalimu. Salamu zake zitakuwa fupi, zipokee. Barua hii naituma kwa basi la asubuhi ili ikufikie kabla yangu, kwa maana nikishafika kwako sitaweza kukuambia.

Nilifiwa na mume nikiwa bado kijana. Tangu siku ile wote ni "Mama Violeth, Mama Violeth". Padri, wateja wa studio, hata kaka yangu. Jina langu nimebaki nalo mimi na kitambulisho. Niliposoma kwamba kuna mtu kwenye wadi huko Bariadi anaitwa kwa jina hilo na kila mtu anayepita kitandani kwake, niliingia ndani nikafunga mlango.

Desturi nimeishika tangu ulipomwoa mwanangu, na nitaendelea kuishika. Sitakutazama usoni, wewe utakohoa, nami nitapisha. Lakini mtoto hawezi kukua huku baba yake akimwita "wewe". Desturi ilitungwa ili tuheshimiane, na wewe heshima umeshanipa mpaka imebaki.

Jina lisibadilishwe. Mbebe leo kabla sijafika, umwite. Mwite kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Na nikiwa uani kwako nikakusikia unamwita, unisamehe, huenda nikaitika kabla sijakumbuka kwamba si mimi.

Felisita